Udhuru Hufuta Kosa, Haufuti Deni

Tumchukue kijana wa Kitangari, wilayani Newala, anayesoma mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Jioni anapigiwa simu: mjomba wake amefariki, mazishi ni keshokutwa. Asubuhi yake anawahi ofisi ya mlezi wa wanafunzi kuomba ruhusa. Fomu inamtaka ajaze uhusiano wake na marehemu, na chini yake yameandikwa masharti: ruhusa ya msiba hutolewa kwa kifo cha mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye. Mjomba hayumo. Kijana anashika kalamu, anawaza kidogo, halafu anaandika "baba".

Kijana huyu ni wa mfano, lakini shida yake ni ya kweli. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Masasi na Newala huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Posa ikija anaulizwa yeye, mtoto akiingia jandoni anatafutwa yeye, na mara nyingi mikorosho yake ndiyo iliyolipa ada. Kumwambia mtu wa huku kusini kwamba mjomba si ndugu wa karibu ni kumwambia hajui kwao. Na si vyuo tu vinavyohesabu ndugu hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau siku 4 za ruhusa yenye malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Babu yumo, mjukuu yumo, mjomba hayumo.

Basi kijana wetu amemuua baba yake kwenye karatasi ili apate kumzika mjomba wake. Amedanganya, na uongo ni uongo. Lakini kanuni iliyomweka mahali ambapo akisema kweli atakosa mazishi nayo ina sehemu yake katika lawama. Hapo ndipo linapozaliwa swali zito kuliko fomu yenyewe: nini kinakupa haki ya kutokuwepo pale ulipotakiwa kuwepo, na nani mwenye mamlaka ya kuipima haki hiyo?

Tuanze na upande wa chuo, maana chuo nacho kina hoja. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki humtaka mwanafunzi ahudhurie theluthi mbili au robo tatu ya vipindi, la sivyo haingii kwenye mtihani. Akikosa mtihani bila ruhusa anaweza kubeba keri, yaani somo la kurudia, na keri zikizidi anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Ukali huu unalinda nini? Wapo wanaosema unamlinda mwanafunzi dhidi ya uvivu wake mwenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu kwa mtu mzima anayepiga kura na anayeweza kushtakiwa kwa makosa yake. Wengine husema unawalinda watu wa nje ya darasa, na hapo hoja inasimama imara. Mwanafunzi wa uuguzi Newala akikosa mafunzo ya kupima dozi ya mtoto, atakayelipa ni mtoto wa mtu asiyejua hata kwamba siku moja kiti kilikuwa kitupu. Ipo pia hoja ya imani ya jamii juu ya cheti, nayo ni ya haki. Lakini iko sababu nyingine ambayo haisemwi kwa sauti: kwamba utaratibu ni utaratibu, na ofisi haipendi kusumbuliwa. Hiyo hailindi kitu.

Kwa hiyo kuhudhuria ni njia ya kufikia jambo jingine. Ushahidi tunao hapahapa nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994, kwa ajili ya watu ambao kazi na familia haziwaruhusu kukaa darasani kila siku. Mwalimu wa Masasi anaweza kusomea shahada yake usiku nyumbani, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na shahada hiyo inahesabiwa shahada kamili. Kama elimu ingekuwa ni mwili kukaa kwenye benchi, shahada zile zote zingekuwa batili, na hakuna anayesema hivyo.

Tukikubali hilo, itatubidi tutenganishe mambo mawili ambayo kanuni nyingi huyachanganya. Mtu anapokosa kipindi huenda ametenda kosa, yaani amevunja wajibu bila sababu ya haki. Na kwa vyovyote vile anabaki na deni, yaani kuna kitu cha kujifunza ambacho bado hajakipata. Udhuru wa kweli hufuta kosa. Deni hauligusi. Aliyekwenda kumzika mjomba hana hatia, ila dozi aliyokuwa afundishwe siku ile bado haijui. Chuo kinachomfutia kosa na kumsamehe na deni kinamdhulumu mgonjwa wa kesho, na kinachomhesabia deni kuwa kosa kinamdhulumu mwanafunzi.

Mahakama za Afrika Mashariki zimekwisha kuligusa jambo hili kwa njia ya Sabato. Wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walikishtaki chuo chao kwa kuweka vipindi na mitihani siku ya Jumamosi, ambayo ndiyo Sabato yao. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitupa shauri lao mwaka 2003, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: chuo cha umma chenye watu wa imani nyingi hakiwezi kupanga ratiba kwa kufuata siku takatifu ya kila mmoja, na kizuizi kile kilikuwa ndani ya mipaka ya Katiba. Nchini Kenya, Kanisa la Waadventista lilishindwa Mahakama Kuu katika shauri la wanafunzi wa shule waliolazimishwa shughuli za masomo siku ya Sabato, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo: shule na wizara zina wajibu wa kutafuta namna ya kumpa nafasi mwenye imani tofauti, mradi mzigo wake si wa kupita kiasi.

Hukumu hizi mbili hazipingani sana kama zinavyoonekana. Zote zinakubali kwamba ratiba haiwezi kumfaa kila mtu. Zinatofautiana juu ya nani aanze kusogea. Kwangu mimi, aanze mwenye nguvu. Chuo kinaweza kupanga mtihani maalumu kwa barua moja, ilhali mwanafunzi hawezi kuihamisha Sabato yake, wala siku ya kuzika. Anayeweza kusogea kwa gharama ndogo akikataa kusogea, akamtaka asiyeweza ndiye asogee, hajatenda haki hata kama hajavunja kifungu chochote.

Watu wa Masasi wana kumbukumbu ndefu ya swali hili la nani aanze kusogea. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifungua kituo Masasi mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kwa muda mrefu baada ya hapo shule ya misheni na jando viligombea watoto walewale. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakuchagua kuwafukuza waliokwenda jandoni. Alilipokea jando ndani ya kanisa, likawa na sala na padri wake. Mtu anaweza kuuliza kama alikuwa na haki ya kulibadilisha, na ni swali zuri. Lakini alitambua kwamba taasisi ngeni ndiyo inayopaswa kujifunza kalenda ya mahali ilipofika. Siku hizi viongozi wa kusini wanasisitiza jando na unyago vifanyike wakati wa likizo, na hapo mila nayo imeombwa isogee. Yote mawili ni halali, maana kila upande umetoa kitu.

Hata hivyo kuna hatari ambayo mtetezi wa mila hana budi kuitazama. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi wazazi wa Kiamish, jumuiya ya Kikristo inayojitenga na mambo mengi ya kisasa, wa jimbo la Wisconsin waliokataa kuwapeleka watoto shule baada ya darasa la nane. Jaji William Douglas hakukubaliana na wenzake kwa sehemu. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wenyewe wanapaswa kuulizwa, kwa kuwa maisha yatakayobadilika ni yao. Hoja hiyo inagusa hadi Newala. Binti anayetolewa darasani kwa ajili ya ngoma, kisha asirudi, hakutoa udhuru. Alitolewa udhuru na wengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipofanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, ilimpa mtoto kinga dhidi ya wakubwa wenye sababu nzuri kwao na mbaya kwake. Udhuru wa haki ni wa yule anayekosekana, na ni lazima umrudishe.

Ipo pia aina ya kutokuwepo ambayo haina msiba wala ibada. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza korosho zikiwa mnadani, na kwa familia nyingi za Makonde ada ni korosho zilizoko ghalani. Msimu wa 2018/2019 Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na wakulima wakasubiri uhakiki ili kuwatenga wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanaonunua korosho za wakulima kinyume cha utaratibu. Wengi walilipwa mwaka uliofuata. Mwanafunzi ambaye hakusajiliwa kwa sababu fedha ya baba yake ilikuwa bado iko kwenye uhakiki, kosa lake ni lipi? Hapa taasisi moja ya umma ilikuwa inamdai mtoto wa mtu ambaye taasisi nyingine ya umma haijamlipa. Hakuna orodha ya udhuru iliyotabiri hali hiyo, na hakuna orodha itakayotabiri ijayo.

Kwa sababu hiyo haki ya kusikilizwa ina uzito kuliko orodha yoyote. Katiba yetu, ibara ya 13, inamhakikishia kila mtu nafasi ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Aliyedisko bila kusikilizwa anaweza kuomba mapitio katika Mahakama Kuu, lakini wakili ni fedha, na hata akishinda mwaka umekwisha. Haki itakayomfaa ni ile inayopatikana mezani kwa mlezi wa wanafunzi, siku ileile. Afisa aulize mambo matatu tu: nini kimetokea, una wajibu gani huko, na utalipaje utakachokikosa. Barua ya mtendaji wa kijiji itathibitisha la kwanza. La pili analijua mwanafunzi na watu wake, na chuo hakina elimu ya kumfundisha mtu nani ni ndugu yake. La tatu ndilo chuo kina haki ya kulisimamia bila huruma.

Najua pingamizi: ukifungua mlango huu kila mtu atakuwa na mjomba, na waliokaa darasani wataonekana wajinga. Lakini mlango mwembamba haujazuia uongo, umeuzalisha. Mwongo huvutiwa na ruhusa isiyo na gharama. Mtu anayejua kwamba akirudi atafanya mazoezi yote aliyoyakosa, na mtihani maalumu wenye uzito uleule, hana faida ya kubuni msiba. Na mwenzake aliyebaki hajapunjwa, maana wote wawili wamelipa kiasi kimoja cha kazi.

Uhusiano wa chuo na mwanafunzi ni wa kudaiana. Mwanafunzi anadaiwa kujifunza, na hakuna kaburi wala Sabato inayomwondolea deni hilo. Chuo kinadaiwa njia ya kulilipa, na hakuna ratiba wala kanuni inayokiondolea wajibu huo. Njia ikiwepo na mwanafunzi akaikataa, hapo ana kosa, na aadhibiwe. Kabla ya kufika hapo, chuo kinachomwadhibu kwa kutokuwepo kinamtoza kwa kuwa na watu wake, na kuwa na watu ndiyo sababu iliyomfanya aende kusoma.