Kabla ya Kuwasha Jiko

Mjukuu wangu, nimesikia unataka kutengeneza picha za ukutani zenye nakshi ya kutuna, ile ya kuyeyusha unga kwa joto, uwauzie wageni wa Diani. Sikuzuii. Nataka tu kukuchelewesha kidogo, maana vijana wa hapa Mackinnon Road mnapenda kuanzia kwenye moto, na kazi hii karibu yote huisha kabla ya moto.

Unga wenyewe ni plastiki iliyosagwa laini. Hunata penye umajimaji, pakavu hukung'utika. Wino wa kawaida utakukaukia kabla hujafungua kopo, kwa upepo huu wetu wa Taru. Uchanganye na gliserini ya duka la dawa. Muhuri usinunue. Soli ya ndala kuukuu na wembe mkali vinatosha, ila maandishi uyachonge kinyume.

Hapa sasa tega sikio. Karatasi ya manila ipanguse kwanza kwa poda ya mtoto, kidogo sana, unga usije ukanata usipotakiwa. Gonga muhuri, nyunyiza, kung'uta, ziada irudi koponi. Kisha inamisha karatasi kwenye mwanga uitazame kwa ubavu. Utaona chembe mbili tatu zimebaki pembeni mwa mchoro. Ziondoe kwa brashi kavu wakati huo huo, kwani zikishayeyuka hazibanduki bila kuchuna karatasi. Dirisha la upande wa barabara lifunge. Malori ya Mombasa hayana adabu na vumbi. Ukifika kwenye kuyeyusha, lifungue, mvuke wa plastiki si wa kuvuta.

Mashine ya kukaushia nywele ya saluni haifai. Joto lake dogo, na itakupeperushia unga wote. Kama huna ile ya mafundi ya hewa ya moto, teleka kikaango kikavu juu ya makaa, ushike karatasi kwa koleo juu yake, mchoro ukitazama juu, bila kugusa. Unga uliopauka utang'aa ghafla. Ondoa hapo hapo. Ukizidisha, nakshi hulala na kuzama.

Cha kuchora hukosi: msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, mbuyu, pindo la kanga. Lakini kigango kiache. Najua pembetatu zake zilizochongwa zinapendeza, na wageni watakuomba. Kigango ni nguzo ya mbao ambayo Wamijikenda huisimamisha kwa ajili ya marehemu, na vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani, na familia iliyoibiwa ilikuwa imevililia zaidi ya miaka ishirini. Mteja akikushikilia, mwambie huna, hata kama unajua kukichora. Pembetatu tupu kwenye ukingo wa picha sina ugomvi nazo. Hizo ziko hata kwenye mikeka.

Ukitia kwenye fremu, kioo kisigusane na nakshi; weka vipande vya kadibodi pembeni pabaki nafasi. Na ukisafiri kwenda Diani, picha zipakate mwenyewe. Dereva atakwambia uziweke pale mbele kwenye kioo cha matatu. Kataa. Jua la saa saba likipiga pale, unga unaweza kulainika na picha zikagandana kabla hamjafika Ukunda.