Kati ya Umeme na Maji

Mimi ni mtunza hazina wa usharika mmoja wa Kilutheri jijini Dar es Salaam, mwaka wa saba sasa. Kazi yenyewe haina utukufu. Ibada ya pili ikiisha, wenzangu wanatoka nje kwenye mnada kugombea mkungu wa ndizi na jogoo. Mimi na wazee wawili wa zamu tunajifungia ofisini kuhesabu sadaka na kupanga bahasha. Ndiyo maana washarika wengi nawajua kwa namba. Bahasha 214 isipoonekana miezi miwili, napiga simu.

Mlinzi wetu hana bahasha. Kwenye daftari langu yumo katika mstari wa "Ulinzi", kati ya umeme na maji, shilingi 150,000 kwa mwezi. Jina lake sitaliandika hapa, ila usharikani analijua kila mtu, mpaka watoto wa shule ya Jumapili. Linaitwa kutwa nzima: fulani, fungua geti; fulani, niangalizie gari; fulani, niitie bodaboda.

Jumapili moja nilikuta geti limefungwa. Nikapiga honi, nikapiga tena, mwisho kijana wa kwaya akaja kufungua. Nikasema, tena kwa sauti, "Huyu mzee kalala." Ibada mbili zikapita, mnada ukapita, hela zikahesabiwa. Kumbe alikuwa kibandani mwake tangu Ijumaa, mguu umevimba mpaka gotini, ameufunga kipande cha kitenge, hawezi kuukanyagia. Kibanda kiko hatua kama ishirini kutoka ninapoegesha gari.

Aliyejua ni mama muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, Mwislamu. Sitaki kumgeuza Msamaria wa kwenye mahubiri, mwenyewe angenicheka. Aliniambia tu kwamba mzee hununua chapati mbili kila asubuhi. Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja. Akavuka barabara na kikombe cha uji. Hana daftari wala namba za watu, lakini mteja wake wa chapati mbili alipokosekana alimkosa siku ileile.

Mguu ulitibiwa. Tulichanga, tena vizuri. Kwa kuchanga hatujambo. Mimi nilirudi Luka 16, sura niliyokwisha kuifundisha mara nyingi: tajiri wa nguo za zambarau, na maskini mwenye vidonda pale mlangoni pake. Nilikuwa nikiwaeleza watu kwamba katika mifano yote ya Yesu, huyu maskini peke yake ndiye aliyepewa jina, Lazaro, yaani Eleazari wa Kiebrania, "Mungu amesaidia", na tajiri hakupewa. Hapo naishia, watu wanatikisa vichwa, tunafunga kwa sala.

Safari hii nikasoma mpaka mwisho bila haraka. Nani mwingine anayelitaja jina hilo? Tajiri mwenyewe, akiwa motoni. Anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro achovye ncha ya kidole majini aje amburudishe ulimi. Akikataliwa, anaomba basi Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano. Kwa hiyo alikuwa akimjua! Alimjua kwa jina muda wote ule alipokuwa akipita pale mlangoni. Na hata motoni hajabadilika: Lazaro kwake bado ni mtu wa kutumwa. Hamsemeshi yeye hata neno moja. Anapitia kwa Ibrahimu, mkubwa kwa mkubwa.

Yohana Krisostomo alipoihubiri sura hii Antiokia, karne ya 4, alisema kutomgawia maskini mali uliyonayo ni kumwibia. Nilidhani ni ukali wa wahubiri wa kale. Kisha nikafungua faili la mlinzi. Hatukuwa tumemwandikisha NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa kubeba walau nusu yake. Kwa mshahara ule, nusu hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa miaka sita aliyokwisha kulinda, ni shilingi 1,080,000. Aliyepaswa kuzipeleka ni mimi. Wakati huohuo diakonia yetu kila Krismasi ilikuwa na basi la kukodi, bango na mpiga picha, twende tukawaone yatima.

Nililipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee. La NSSF lilipita bila ubishi, maana sheria ni sheria. Ubishi ulikuja nilipofungua Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakirukwa kwenye mgawo wa kila siku, watu wao wakanung'unika. Kanisa la Yerusalemu halikuwachangia. Lilichagua watu saba kusimamia mgawo, na soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Ghala lilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Nikapendekeza mlinzi aingie kamati ya diakonia. Ni msharika, amebatizwa kama sisi, ibada anaisikilizia getini kwenye spika.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa geti atakaa nani?" Aliuliza kwa dhati kabisa.

Kura zilikuwa 9 kwa 5. Kikao cha kwanza alikaa karibu na mlango, kofia mapajani, hakusema kitu. Cha pili alinyoosha mkono, akauliza kwa nini choo cha nje hufungwa kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Tulitazamana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.