Deni la Mwenye Kuchangiwa

Msomaji wangu, bila shaka umepata kuhudhuria harambee. Tangu Jomo Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, wananchi wa Kenya wamechanga shilingi, mifugo, magunia ya mahindi na nguvu za mikono yao, yakasimama madarasa na zahanati. Mtoaji wa namna hiyo hana shaka. Akipita njiani huliona paa la mabati alilochangia, akawaonyesha watoto wake kwa kidole.

Lakini je, ukiombwa mchango wa kifaa cha maabara? Karibu na mji wa Eldoret viko vyuo vikuu viwili vya umma: cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na cha Eldoret huko Chepkoilel, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013. Nchi inayovizunguka ni ghala la mahindi na ngano, ila udongo wake mahali pengi ni mchachu, yaani una asidi nyingi. Uchachu ukizidi, mizizi hudumaa, na fosfora hushikwa na udongo hata mmea usiipate. Dawa inayojulikana ni chokaa. Basi tuseme mwanafunzi wa shahada ya kwanza ataka kujua chokaa kiasi gani chatosha katika shamba fulani. Ahitaji mizani nyepesi, maji safi yaliyokenekwa, na kipima asidi. Na kipima asidi hakifanyi kazi kwa kununuliwa tu. Hapana budi kirekebishwe mara kwa mara kwa vimiminiko ambavyo uchachu wake umekwisha kujulikana, na ncha yake ya kioo isiachwe ikauke. Wachangishaji wengi husahau haya. Hununua kifaa, wakapiga picha nacho, na vimiminiko vikiisha kifaa hugeuka pambo la kabati.

Mtu atasema kununua vifaa ni wajibu wa serikali. Ni kweli, wala sitaki kuupunguza wajibu huo. Lakini msimu wa kupanda haungoji makadirio ya fedha.

Sasa fikiri juu ya mama auzaye maziwa, aliyetoa shilingi 100 katika mchango huo. Amenunua nini? Wengine watajibu kwamba amenunua mavuno. Hapo mimi nafarakana nao. Mchangishaji asimamaye jukwaani akaahidi magunia maradufu auza kitu asichokuwa nacho, kwa maana utafiti ambao mwisho wake umekwisha kujulikana si utafiti. Chokaa yaweza kutiwa, na mahindi yasiongezeke hata debe moja. Pengine shamba lilikosa kitu kingine.

Na hapo ndipo mwanafunzi hujaribiwa. Jina lake limesomwa mbele ya wachangiaji, wazee wamemwombea baraka, nazo tarakimu zake hazipendezi. Kubadili nukta moja ni kazi ya dakika. Jaribu hili walijua nawe: siku ya kemia ya vitendo, umesoma bureti, jawabu lako halilingani na la jirani, na mkono wajiendea wenyewe kwenye kifutio. Nami nilipokuwa nikisomea ualimu nilifanya hivyo, nikapewa alama nzuri kwa tarakimu nisizozipima. Nilifurahi kama juma moja. Siku hizi nikisahihisha daftari ambalo tarakimu zake zimepangika mno, najikuta namtazama mwenyewe kwa haya.

Nasema, basi, kwamba mama yule hakununua mavuno. Alinunua macho ya kuona kilichomo katika udongo, na mwenye kuchangiwa anadaiwa kueleza alichokiona, kiwe kitamu au kichungu. Akimpelekea tarakimu za kutunga, mama atatumia fedha za maziwa kununua chokaa isiyomfaa, na jirani zake watamfuata.

Tuseme mwanafunzi wetu amefika nyumbani kwake, akaketi, akasema kwa adabu, “Mama, tulipima. Katika shamba hili chokaa haikuongeza kitu.” Mama aweza kununa, na ana haki. Aweza pia kunyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, zile fedha za chokaa nizitie wapi?” Jibu la swali hilo mwanafunzi hana bado. Itampasa achukue udongo mwingine katika mfuko, aombe ruhusa, arudi Chepkoilel.