Tulimwita Nani?

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hivi: ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana. Wapo waumini wanaokichukia kifungu hiki. Wanasema serikali imehalalisha kuishi kinyumba. Nami niliwahi kusema hivyo.

Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mwanamume akionekana ana ndoa ya kanisani na mkewe yu hai, dhana inaanguka. Na hata hapo mwanamke anaruhusiwa kuomba matunzo yake na ya watoto. Kwa hiyo sheria haijageuka padre.

Tuangalie mashamba ya tumbaku hapa Mpanda. Mwanamke anamwagilia kitalu, anabeba kuni, anakesha kwenye bani, anachambua majani mpaka marobota yanafungwa. Jina kwenye chama cha msingi ni la mwanamume. Misimu sita inapita, fedha inatoka, kisha anaambiwa: "Kwani nilikuoa lini?"

Neno hilo linaniumiza kuliko kuishi kinyumba kwenyewe. Aliyekwepa altare miaka yote sasa anaikumbuka, ili imsaidie kumfukuza mwenzake mikono mitupu. Na kwenye misiba ndugu wa marehemu husema vilevile, wakati mwingine sisi wanajumuiya tukiwa tumekaa kimya kando yao.

Sitaki Kanisa lilegeze lolote. Ndoa yetu inadai ridhaa itamkwe mbele ya mashahidi, na asiyefunga ndoa anajua kwa nini hakaribii Meza ya Bwana. Yesu naye alimwambia wazi yule mwanamke Msamaria kwamba aliye naye si mumewe. Alimwambia yeye mwenyewe, pale kisimani, wala hakumpokonya mtungi wake.

Kumbuka pia kwamba kutambuliwa na watu hakuthibitishwi na karatasi. Huthibitishwa na majirani, yaani sisi. Shauri likifika mahakama ya mwanzo, mzee wa jumuiya anaweza kuitwa na kuulizwa: "Mama huyu mlimfahamu kama nani?" Hapo haulizwi kuhusu sakramenti. Anaulizwa alichokiona kwa macho yake, na amri ya kutoshuhudia uongo anaijua. Miaka sita alikuwa akipita mlangoni pao akisema, "Shikamoo baba, mama hajambo?"