Urefu wa Kamba

Mbuzi wa bibi yangu alikufa siku ya pili ya Ramadhani ya 2024, na aliyemuua ni mimi. Sikumpiga wala sikumnyima majani. Nilimfunga tu.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwenda nyumbani, upande wa Msimbati, kukusanya takwimu za tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Bibi alikuwa anaumwa magoti, akaniomba nimtolee mbuzi wake malishoni. Kwetu mbuzi hufungwa. Akiachwa huru ataingia kwenye muhogo wa jirani au atatafuna miche ya mikorosho, na kesi itafika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya adhuhuri. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali. Ukingoni mwa mikoko nikaona mchu mdogo wenye majani mabichi yanayofikika. Nikafunga kamba shinani, mafundo mawili, nikarudi nyumbani. Mwanambuzi wake hakufungwa. Watoto hawafungwi kwa sababu hawaendi mbali na mama.

Baada ya Adhuhuri, usingizi wa saumu ukanichukua. Nilipoamka ilikuwa karibu saa kumi na moja.

Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, huja bamvua: maji hujaa kupita kawaida na kukupwa kupita kawaida. Mwezi wa Machi bamvua huwa kubwa zaidi. Mwezi uleule tuliokuwa tukiutafuta angani ili tuanze kufunga ndio uliokuwa ukiyavuta maji. Hayo yote niliyajua. Nilifika nikakuta ule mchu umebaki matawi ya juu. Mwanambuzi alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu, analia akitazama maji. Kamba ilikuwa imekazwa kuelekea chini.

Hatukumla wala hatukumuuza; aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba. Nilimwambia bibi maji yalikuja ghafla. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Maji yamekuja kwa saa yake, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyechelewa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nilikosa nini hasa? Uzembe, ndiyo. Lakini uzembe ni jina la jumla mno. Nikisahau mwavuli ni mzembe vilevile.

Jibu la kwanza nililopewa lilitoka kwa binamu yangu: ni mbuzi tu, na Idi angechinjwa. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Kama mwisho wake ulikuwa kisu, nimemwibia nini zaidi ya wiki chache? Lakini tazama namna tunavyochinja: tunanoa kisu mbali na macho ya mnyama, tunamlaza, tunaharakisha. Adabu yote hiyo ipo kwa sababu tunakubali kwamba hata anayekwenda kufa ana haki juu yetu mpaka pumzi ya mwisho. Kujua kwamba utamchinja mnyama hakufuti deni hilo.

Jibu la pili lilitoka kwa mzee mmoja barazani: imeandikwa. Sibishani na kilichoandikwa. Ila kila aliyepita madrasa anakumbuka hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. Tunaipenda hadithi hiyo kwa sababu inasifu kamba. Tunasahau ile nyingine, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie chakula chake. Nikiziweka pamoja naona zinanifundisha jambo moja. Kamba si dhambi. Dhambi ni kumfunga kiumbe kisha kuondoka na njia yake ya kujiokoa.

Darasani tulisoma Jeremy Bentham, ambaye mwaka 1789 alidai kuwa swali kuhusu wanyama si kama wana akili au lugha, bali kama wanaweza kuteseka. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inasimama karibu na hapo, kwa kutambua kuwa mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Ninakubaliana nao, lakini hawanitoshelezi. Katika mto Ruvuma swala huenda kunywa maji akakamatwa na mamba. Anateseka kama mbuzi wangu alivyoteseka, pengine zaidi, na hakuna mtu anayenidai. Tofauti iko kwenye miguu yao. Swala alikuwa na yake mpaka mwisho. Ya mbuzi nilikuwa nimeichukua mimi.

Mwanambuzi alinithibitishia hilo. Hakuwa na akili kuliko mama yake, wala hakuyajua maji zaidi. Maji yalipogusa kwato alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mama yake angefanya vivyo hivyo. Uwezo wa kurudi nyuma hatua moja ndio nilioufunga kwa mafundo mawili, na tangu dakika ile ulikuwa juu yangu: ilinipasa nirudi nyuma kwa niaba yake.

Wenzetu wa nchi za baridi wana sura nyingine ya swali hili. Kuna farasi wadogo wanaofugwa Marekani na Ulaya, wasiofika kimo cha sentimita 90. Majira ya baridi, theluji hufunika malisho na bwawa kwa pamoja, na farasi hawezi kujua anakanyaga ardhi au barafu nyembamba. Mfugaji anayejali hulizungushia bwawa uzio. Huo nao ni ufungaji, lakini unaanza na swali tofauti na langu. Mimi nilijiuliza mbuzi asifike wapi ili nisigombane na jirani. Yeye anajiuliza ni hatari gani ambayo mnyama huyu hawezi kuiona, nami naiona.

Tuna msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Siku hizi tunautumia kwa mzaha, hasa tukizungumzia watu na fedha za ofisi. Msemo wote unamhusu anayekula. Hausemi neno juu ya aliyepima kamba, wala alikwenda wapi baada ya kufunga fundo.

Na kamba si za mbuzi pekee. Mwaka 2000 eneo letu lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mvuvi akaambiwa nyavu hizi haziruhusiwi, mikoko hii haikatwi. Naamini katazo lina sababu. Bila mikoko bahari ingetula. Lakini kila unapofupisha kamba ya mtu kwa sababu nzuri, unabeba sehemu ya njaa yake. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na watu wa Mtwara wakatakiwa kuhama mabondeni, swali lilikuwa hilohilo kwa kila nyumba yenye mnyama: kama huwezi kuondoka naye, umemfungulia? Kimbunga kilipiga ng'ambo, Msumbiji. Hilo halikutupa jibu, lilituahirishia swali.

Sisemi tusifunge. Jirani naye ana muhogo wake, na watoto wake wanaula. Ninachosema ni kwamba kufunga ni ahadi: nimekuondolea miguu yako, basi nitakuwa miguu yako. Asiye na nafasi ya kuitimiza ahadi hiyo hadi jioni, asifunge asubuhi.

Nilimlipa bibi mbuzi mwingine. Alipokea, akashukuru, hatukulizungumza tena. Yule mwanambuzi amekuwa jike kubwa sasa, naye hufungwa. Nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayemtoa. Kwanza nauliza mwezi una siku ngapi. Kisha natafuta mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya mwisho, napanda juu yake hatua nyingi kuliko zinazohitajika, nafunga fundo moja linalofunguka kwa kuvutwa. Halafu nakaa hapohapo na kitabu changu, nikisoma, nikitazama maji.