Wajibu wa Mnunuzi

Kununua na kuuza ni katika kazi za kale za wanadamu, na kila kazi ya kale ina maadili yake. Sokoni tabia ya mtu hujulikana upesi kuliko mahali pa sala. Kwa kuwa mahali pa sala kila ulimi hunena mema, lakini mbele ya bei kila mkono huvuta upande wake. Wenye hekima wengi wamemwonya muuzaji asipunje mizani wala asifiche kasoro ya kitu chake. Maonyo hayo ni ya haki. Lakini biashara ni mlango wenye mabawa mawili, na bawa la pili ni mnunuzi, ambaye aghalabu huachwa aende zake bila ya kuulizwa neno. Katika insha hii nataka kumwuliza yeye. Je, mtu anunuaye kitu kilichokwisha kutumiwa ana wajibu wa kujua kilikotoka, au wajibu wake umekwisha pale alipolipa bei?

Swali hili halikunijia vitabuni. Lilinijia Ndabibi, ninakofundisha. Ndabibi ni uwanda ulio magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru, katika kaunti ya Nakuru. Watu wake hulima mahindi, viazi na maharagwe, na kufuga. Wengine huamka alfajiri kwenda kufanya kazi katika mashamba ya maua kando ya ziwa. Zamani aliyetaka simu ya mkononi hakuwa na budi kupanda matatu hadi mjini Naivasha. Siku hizi soko la simu limeingia ndani ya simu yenyewe. Mtu huketi kizingitini pake, akatazama picha katika intaneti, akasoma bei, akapatana na mtu asiyemjua, akapeleka fedha kwa M-Pesa, njia iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007, na kesho yake akapokea kifurushi kilicholetwa na matatu. Bidhaa aiona, lakini uso wa muuzaji hauoni.

Simsemi vibaya mtu anunuaye simu ya mtumba. Mwezi Machi mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, wanafunzi wengi walitakiwa kusoma kwa redio, televisheni na simu. Mzazi mwenye mshahara mdogo angepata wapi simu mpya? Iliyotumika ndiyo iliyomfaa. Tena kitu kikiishi miaka mingi mikononi mwa watu wawili au watatu, ardhi hupumzika. Betri nyingi za simu zina madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali pengine kwa sulubu kubwa ya watu maskini. Basi kutumia tena kilicho kizima ni busara wala si aibu. Aibu, kama ipo, yatoka mahali pengine.

Mwaka mmoja simu yangu ilivunjika, nami nikatafuta nyingine katika matangazo ya intaneti. Niliona simu nzuri iliyotakiwa shilingi 7,000. Dukani mfano wa simu ile ulikuwa ukiuzwa kwa shilingi 20,000. Nilimwuliza muuzaji sababu ya kuiuza, akasema ana haja ya haraka ya fedha. Nilimwuliza stakabadhi, akasema imepotea. Nilimwuliza kasha lake, akasema nalo limepotea. Sikuuliza swali la nne. Nilifurahi kama mtu aliyeokota, nikalipa, na siku ya pili nikaichukua simu yangu mjini.

Furaha yangu haikumaliza jioni moja. Nilipoifungua simu nyuma ili nitie laini yangu, niliona kadi ndogo ya kuhifadhia kumbukumbu, ambayo muuzaji hakuikumbuka. Niliitazama ili nijue ni ya nani. Palikuwa na picha za watoto, picha za sherehe, na sauti ya mzee iliyorekodiwa. Mzee yule alikuwa akisema pole pole, kwa pumzi fupi, akimweleza mwanawe mipaka ya shamba lake: kutoka mti gani hadi jiwe gani, na jirani yupi aliahidiwa njia ya kupitisha ng'ombe. Nilisikiliza kidogo nikaizima, kwa maana niliona nimeingia nyumbani mwa mtu bila ya kubisha hodi. Hakuna mtu auzaye maneno ya baba yake kwa shilingi 7,000 pamoja na simu. Nilimpigia muuzaji mara nyingi. Simu yake haikupatikana tena.

Simu ile ilikaa mezani pangu siku tatu. Katika siku hizo nafsi yangu ilinitetea kama wakili hodari, na ni vema niyataje maneno yake, kwa sababu ndiyo wayasemayo watu wengi.

Neno la kwanza lilikuwa hili: si mimi niliyeiba. Ni kweli. Lakini mwizi haibi simu kumi ili azungumze na watu kumi. Aiba ili auze, na auza kwa kuwa yupo anunuaye. Mkono wake hushika, wangu hupokea. Ule wa pili ukikunjwa, ule wa kwanza huchoka. Neno la pili lilikuwa: nisingalinunua mimi, angalinunua mwingine. Hili nalo ni kweli, lakini ni ukweli usiomsafisha mtu. Kama ungalikuwa udhuru, pasingalikuwa na kosa duniani lisilosamehewa, maana kila kosa lina mtu wa pili aliye tayari kulitenda. Neno la tatu lilikuwa zito zaidi: mimi nami si tajiri, fedha zangu zimekwenda, na hakuna wa kunirudishia. Neno hili sikuweza kulidharau. Hasara ya maskini ni hasara kweli. Lakini nilijiuliza aliyepotewa ni tajiri? Ikiwa umaskini wangu wanipa haki ya kubaki na kitu chake, basi umaskini wake ulimpa haki gani?

Sheria ya nchi haikuninyamazia. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chasema kwamba mtu apokeaye kitu cha wizi kwa hila, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa kimeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya uuzaji wa bidhaa nayo inashika kanuni ya zamani kwamba, kwa kawaida, asiye mwenye kitu hawezi kumpa mnunuzi haki asiyokuwa nayo yeye mwenyewe. Tafadhali, msomaji, yatazame maneno haya: kuwa na sababu ya kuamini. Sheria haikuuliza nilichokijua tu. Yauliza pia nilichokuwa na sababu ya kukijua. Hapo ndipo wakili wangu wa ndani alipokosa la kusema.

Cicero, mwanasheria na msemaji mashuhuri wa Roma, aliandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Humo ametoa mfano wa mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria, wakati watu wa kisiwa wana njaa. Mfanyabiashara ajua kuwa merikebu nyingine zenye nafaka zi njiani, wenyeji hawajui. Je, awaambie, na bei ishuke, au anyamaze, auze ghali? Cicero aeleza kuwa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walihitilafiana juu ya jambo hili. Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Antipater alisema wanadamu ni jamaa moja, na jamaa hawafichani jambo la faida. Cicero mwenyewe aliona kuwa yule mfanyabiashara hapaswi kuwaficha wenyeji.

Mfano huo ni wa muuzaji, lakini ukigeuzwa wafaa kumpima mnunuzi. Ikiwa muuzaji anyamazaye kwa faida yake huwa amemficha mwenziwe, mnunuzi aachaye kuuliza kwa faida yake amemficha nani? Ameificha nafsi yake. Upo ujinga wa aina mbili. Wa kwanza humpata mtu kama mvua impatavyo msafiri njiani. Huo hauna lawama. Wa pili mtu huununua mwenyewe, na huo ndio niliokuwa nimeununua. Theluthi ya bei ya dukani ilikuwa imeniambia habari yote. Stakabadhi iliyopotea ilinirudia habari ile, na kasha lililopotea likaithibitisha. Niliacha swali la nne si kwa sababu sikuwa nalo, bali kwa sababu niliogopa jawabu lake. Zile shilingi 13,000 nilizodhani nimeokoa zilikuwa ujira wa kunyamaza kwangu. Wahenga wamesema mwenye macho haambiwi tazama. Nami nilikuwa na macho, nikayafumba.

Katika kadi ile palikuwa na picha ya karatasi ya michango ya mazishi, yenye namba ya simu ya mweka hazina. Siku ya nne niliipiga. Mweka hazina alinipatia mwanamke mmoja, binti wa marehemu, naye akaja hadi Naivasha. Simu yake ilinyakuliwa stendi, alipokuwa akipanda gari kurudi nyumbani. Nilimkabidhi simu na kadi. Simu hakuitazama. Aliishika kadi, akaniuliza, "Mwalimu, sauti ya baba imo?" Nikamjibu, "Imo, mama." Akaketi kitako, akanyamaza kitambo.

Kisha nilimwambia twende kituo cha polisi, yeye achukue simu yake kwa stakabadhi, mambo yaishe kwa haki. Mama yule aliinama. "Mwalimu," akasema, "sina stakabadhi. Mimi nami niliinunua mkononi mwa mtu, kwa bei ya chini, na sikumwuliza neno."

Sijapata kuona ukimya kama ule. Nilikuwa nimekuja kama mtu atendaye wema, naye amekuja kama mtu aliyedhulumiwa. Mara tukawa watu wawili wa kosa moja. Simu iliyokuwa kati yetu pengine ilikuwa ya mtu wa tatu, ambaye hapana hata mmoja wetu aliyemjua. Kadi ilikuwa yake bila ya shaka, kwa kuwa sauti ya mzazi haina mdai mwingine. Lakini simu ilikuwa ya nani? Tulikwenda kituoni pamoja. Askari aliiandika katika kitabu cha matukio, pamoja na zile tarakimu 15 ambazo kila simu huzaliwa nazo, akaiweka. Mama alirudi kwao na kadi yake. Mimi nilirudi Ndabibi mikono mitupu, na nilikwenda miezi mitano na simu ndogo ya kuazima. Sikuiona miezi ile kuwa adhabu; niliiona kuwa sehemu ya bei ambayo sikuilipa mwanzo.

Msomaji kijana, huenda kesho nawe utanunua simu iliyotumika, na sikukatazi. Nakuomba uulize swali la nne. Taka stakabadhi, ikiwa haipo, taka muuzaji akuandikie hati yenye jina lake, tarehe, na zile tarakimu 15, ambazo huonekana simu ikibonyezwa *#06#. Kutana naye mahali pa watu, uishike simu mkononi kabla ya kupeleka fedha, usije ukauziwa mbuzi ndani ya gunia. Ukiwa wewe ndiwe muuzaji, taja kasoro kabla hujaulizwa, na futa yaliyo yako kabla ya kumpa mwingine. Mtu mwaminifu hataudhika kwa maswali yako. Atafurahi kuwa kitu chake chaenda kwa mtu kama yeye. Atakayeudhika amekwisha kukujibu.

Watu huidhani stakabadhi kuwa karatasi ya duka. Mimi nimejifunza kuwa ni ushahidi wa ujirani: yasema kwamba kitu hiki kimepita mikononi mwa watu wasioogopa kutajana majina. Kitu kisichoweza kutaja kilikotoka ni kama mgeni asiyetaka kutaja kwao. Waweza kumkaribisha, lakini usiku huo hutalala vema. Bei hulipwa mara moja kwa fedha. Kinachobaki hulipwa kwa dhamiri, kidogo kidogo, na deni lake halina risiti.