Mkuki kwa Nguruwe



Tukikutana harusini au msibani, iwe Louisville, Columbus au Buffalo, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye faini za barabarani. Mmoja kasimamishwa na askari akiwahi zamu ya usiku, mwingine kaletewa bahasha na posta. Wote tunasema neno moja: hawa wanatafuta fedha tu!

Malalamiko hayo yana msingi. Buffalo ilianza kutoza faini ya dola 50 kwa kamera za mwendo karibu na shule mwaka 2020. Wakazi wakalalamika kwamba maskini wanakamuliwa, na mwaka uliofuata baraza la jiji likapiga kura kuziondoa. Louisville nako, mwaka 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliripoti kwamba polisi wa jiji waliwabagua watu weusi, hata katika kuwasimamisha madereva. Tena dola 50 kwa daktari ni chakula cha mchana. Kwa anayesafisha vyumba vya hoteli ni jasho la saa kadhaa.

Lakini tujiulize: sheria ikisimamiwa vibaya, je, nasi tumepewa ruhusa ya kukimbia?

Tukumbuke tulivyokuwa nyumbani, tulipokuwa abiria. Mwaka 2004, waziri John Michuki alipozilazimisha matatu za Kenya zisizidi kilomita 80 kwa saa, wengi wetu tulishangilia. Tanzania, madereva walipowashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi, sisi tulioketi nyuma tulipiga kelele, "Dereva, punguza mwendo!" Leo usukani tunao wenyewe, na sheria ile ile imegeuka uonevu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haiulizi faini inaingia mfuko wa nani. Na mtoto anayevuka kwenda shule hayumo katika ugomvi wetu na jiji.

Basi twende kwenye vikao vya baraza, tudai askari wasibague, na faini ifuate kipato cha mtu kama wanavyofanya Finland. Ila tukiwa peke yetu barabarani, pasipo kamera wala askari, tupunguze mwendo. Anayepunguza mbele ya kamera ameogopa kamera. Anayepunguza pasipo kamera amemjali mtoto, naye ndiye atakayesikilizwa akidai haki.